Jaribio la Nne

Mazishi ya Paulo Masanja yalipangwa saa tisa, nami nilifika Bujora saa kumi na nusu, watu wameshaanza kutawanyika na akina mama wa jumuiya wanasugua masufuria. Sikucheleweshwa na barabara. Nilichelewa kwa sababu asubuhi ile nilikaa kitandani muda mrefu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikijiuliza nakwenda kule kama nani. Mjane wake, Mama Kulwa, alinitambua kabla sijajitaja. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Dada Vene. Umezeeka." Nikamjibu, "Tumezeeka, mama," tukacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kisichofika mbali. Kisha akanipa karatasi ya wasifu wa marehemu iliyosomwa kaburini. Ulikuwa ukurasa mmoja: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akawa fundi redio, akawa mjumbe wa kamati ya shule, akaugua, akatutoka. Katikati, kati ya kuoa na ufundi redio, iliandikwa, "Alifanya kazi mjini." Maneno matatu. Simlaumu aliyeandika, nadhani ni mtoto wake, Doto, ambaye mwaka nitakaousimulia hakuwa hata ameanza shule. Lakini mimi nilikuwamo ndani ya maneno yale matatu, na sasa Paulo hayupo, nimebaki peke yangu ninayejua yanabeba nini. Nimechoka kuyabeba. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ruksa, ule uhuru mpya wa biashara, ilikuwa imeshazoeleka, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, viwanda vya minofu ya sangara vinaota kando ya ziwa, na kila mwenye mlango Mwanza mjini alikuwa anatafuta kitu kipya cha kuweka nyuma yake. Bwana Harish, ambaye baba yake aliuza vitambaa katika duka lile kwa maisha yake yote, aliondoa majora akaweka kompyuta. Rafu zilikuwa bado zile ndefu za majora, na kaunta ilikuwa bado na alama za yadi zilizochongwa pembeni, kwa hiyo mteja aliyekuja kuulizia printa aliegemea mahali ambapo mama yake labda alipimiwa kitenge. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha uhazili. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua na kuwaonyesha wateja jinsi kompyuta inavyochapa, jambo ambalo wakati ule lilitosha kuwafanya watu wazima wasimame kimya kama wako kanisani.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya vitambaa. Hakikuwa na dirisha ila tundu lenye nondo karibu na dari, na hata baada ya kompyuta kuhamia kilinuka pamba mpya. Ndimo Paulo, fundi wa mashine zile, alimofanyia kazi, na mchana kukiwa hakuna wateja nami niliingia humo. Ukuta uliotutenga na ofisi ya Bwana Harish ulikuwa wa ubao mwembamba. Tulisikia simu zake zote, Kigujarati kikichanganyika na Kiswahili, na tukajua amekasirika anaporudi kwenye Kiswahili kitupu. Juu ya duka aliishi mama yake, ambaye sote tulimwita Ba kama mwanawe alivyomwita. Saa saba alitushushia chakula katika vyombo vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: chapati nyembamba kama karatasi, dengu, viazi vyenye bizari. Ba hakula samaki wala hakutaka harufu yake ndani ya jengo. Kwa hiyo siku tulipotamani, tulitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa mama ntilie kunywa supu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara ambayo minofu yake ilishapanda ndege kwenda Ulaya, kisha tukanawa kwa ndimu mpaka viwiko ndipo tukarudi. Paulo alikuwa amenizidi miaka kumi na kitu. Alikuwa na vidole vinene vya mkulima ambavyo vilipogusa waya viligeuka kuwa vya mshonaji. Mara nyingine alileta kutoka kwao matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, tukavila na karanga juu ya meza ya kazi. Ukimwambia kitu fulani ni kizuri, redio au dawa ya malaria au mwanasiasa, alikuuliza swali moja tu: "Umepima?"

Mwaka ule Bwana Harish alileta kutoka Dubai kompyuta kumi na mbili za aina mpya. Nje zilifanana na zote. Tofauti ilikuwa ndani, kwenye prosesa, kile kipande kidogo cha mraba ambacho Paulo alikiita bongo la mashine. Hadi wakati ule tuliuza kompyuta zenye prosesa ya kampuni kubwa, ile ambayo hata mtu asiyejua kompyuta alilitaja jina lake. Hizi mpya zilikuwa na prosesa ya kampuni ndogo, bei nafuu, na juu yake imeandikwa namba ileile ya mwendo kama ya kampuni kubwa. Paulo alisoma kijitabu chake kwa siku mbili kisha akaniita. "Njoo uone maajabu, dada Vene. Hii namba siyo mwendo wake. Mwendo wake ni mdogo. Namba hii inasema tu kwamba inafanya kazi sawa na ile yenye mwendo huo." Nikamuuliza, "Sasa ni kweli au siyo kweli?" Akafunga kijitabu. "Kuna njia moja tu ya kujua."

Nafasi ya kujua ilikuja haraka. Huko Mkolani, katika nyumba ya kupanga, kulikuwa na mradi mdogo uliofuatilia magugu maji. Wakati ule magugu yalikuwa yameingia ziwani kama jeshi. Upepo ukibadilika, mwalo, yaani ufuko wa kuegeshea mitumbwi, uliokuwa wazi jioni uliamka umezibwa na jani la kijani kiasi kwamba ndege walitembea juu yake. Mkuu wa mradi, Daktari Magesa, mtu mwembamba ambaye viatu vyake havikukosa matope hata siku moja, alikuwa na programu iliyochukua vipimo vya upepo na maji na kukokotoa magugu yataelekea mwalo gani, ili watu watoe mitumbwi na nyavu mapema. Alihitaji kompyuta kumi na mbili, na masharti ya waliomfadhili yalisema lazima muuzaji alete taarifa ya maandishi ya kulinganisha aina mbili za mashine. Alitupa diski yenye programu yake, akasema, "Jaribuni na hii pia," akaondoka kwenda visiwani kwa wiki nyingi, akamwachia mhasibu wake kazi ya kununua.

Tulipima kwa siku tano. Paulo aliazima saa ya mwalimu wa michezo, akaweka mashine mbili meza moja, feni zikiangalia upande mmoja, kumbukumbu sawa, diski sawa. Yeye alibonyeza, mimi niliandika. Jaribio la kwanza lilikuwa kutafuta na kubadili neno moja katika hati ndefu. La pili, kupanga majina elfu kadhaa kwa alfabeti. La tatu, jedwali la mishahara. Kila jaribio tulilirudia mara tano, na kila mara ile ya bei nafuu ilimaliza mbele. Siyo sana, lakini mbele. Nilifurahi kama vile ni mdogo wangu anayekimbia. Hata Paulo alitabasamu, akaipigapiga ubavuni kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Jaribio la nne lilikuwa diski ya Daktari. Tulichukua kipande tu cha hesabu zake, upepo wa siku moja, hesabu za desimali nyuma ya desimali. Ile ya kampuni kubwa ilimaliza kwa dakika arobaini na moja. Ile nyingine ilikuwa bado inakwenda. Tulikula chapati za Ba ikaendelea kwenda. Ilimaliza kwa dakika sabini na mbili. Paulo akasema saa imeharibika, tukarudia kesho yake, ikawa sabini na mbili. Akakaa juu ya stuli akaniambia kwa upole, kama anayetoa habari ya mgonjwa, "Hesabu za namba nzima inaziweza sana. Desimali ndiyo zinaichosha. Kwa mtu wa barua, mwambie anunue hii na asijute. Kwa Daktari, hapana."

Bwana Harish alisoma karatasi zetu nne amesimama. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kompyuta kumi na mbili ambazo hakuna mwingine Mwanza aliyeziulizia. Akarudisha karatasi ya nne mezani, akaiweka kifudifudi.

"Andikeni hizi tatu," akasema.

"Na ya nne, bosi?" Paulo akauliza.

"Paulo, mimi sijakwambia uandike uongo. Nionyeshe uongo uko wapi katika hizi tatu."

"Uongo haupo. Kuna pengo."

"Ofisi ina barua, ina majina, ina mishahara. Hiyo programu ni kitu kimoja tu."

"Ndicho alichotuletea kwa mkono wake."

Walitazamana. Halafu Bwana Harish akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka. "Vene, ulipima na wewe, si ndiyo? Unajua kupima. Mwezi ujao kuna kozi ya kompyuta Dar es Salaam, miezi mitatu. Nilikuwa nafikiri nani wa kumpeleka."

Watu husema uamuzi mbaya huja na moyo kwenda mbio. Wangu ulikuja kimya kabisa. Nilikaa, nikachapa taarifa ya kurasa tatu, safi, bila kosa moja la herufi. Mwishoni niliandika neno "Mpimaji", chini yake jina langu, nikasaini. Paulo alisimama mlangoni hadi nilipomaliza. Hakunisema. Alinawa mikono, akafungia bisibisi zake katika kitambaa, akaenda kumwambia bosi, "Nashukuru kwa kazi." Hakuna aliyemfukuza. Kwangu alisema tu, "Baki salama, dada," akatoka kwa mlango wa mbele, ambao sisi wafanyakazi hatukuutumia. Ilipofika saa saba Ba alichungulia kutoka ngazini. "Paulo wapi? Chapati yake inapoa." Nami nikaila chapati ile, maana nilikuwa na njaa. Hilo nalikumbuka kuliko saini.

Nilikwenda Dar, nikasoma, nikarudi na cheti chenye mhuri. Wiki mbili baadaye Daktari Magesa aliingia dukani. Nilimwona kupitia kioo akipangusa viatu kwa muda mrefu kuliko matope yalivyostahili. Hakupaza sauti. Alikaa mbele ya meza ya Bwana Harish akasema, "Mashine zenu zinaandika barua vizuri sana." Kisha akauliza, "Diski yangu mliijaribu?"

Bwana Harish alinyoosha kidole kwangu. "Mpimaji ni huyu. Muulize."

Ningeweza kusema hapana. Nadhani Bwana Harish alitegemea hivyo. "Shikamoo, Daktari," nikasema, kwa sababu sikujua nianzie wapi.

"Marahaba, binti. Mliijaribu?"

"Tuliijaribu."

"Mkaona nini?"

Nikamwambia. Arobaini na moja, sabini na mbili. Alitoa daftari mfukoni akaandika namba hizo mbili, akazitazama. Ndipo akanieleza, taratibu, kama mwalimu, kile ambacho sikukijua. Mkolani umeme wa mgao uliwaka saa moja asubuhi na kukatika saa kumi jioni. Hesabu yake nzima, kwenye mashine ya kampuni kubwa, ingechukua kama saa saba. Ingemaliza umeme bado upo. Kwenye hizi ilihitaji saa kumi na mbili. Kwa hiyo kila siku ilianza, kila siku ilikatwa ikiwa njiani, na kesho yake ilianza tena mwanzo. Tangu arudi kutoka visiwani programu ile haikuwa imemaliza hata mara moja. "Mwezi uliopita magugu yalifunga mwalo mmoja hapa kusini," akasema. "Mitumbwi ilikaa siku tisa bila kutoka. Nyavu zilizokuwa majini zilikokotwa zikapotea. Watu walinifuata ofisini kuniuliza, si ulisema una mashine ya kutuambia?" Akafunga daftari. "Sikuja kugombana. Nilitaka kujua nini kimetokea, basi."

Jumamosi nilikwenda Bujora. Nilimkuta Paulo barazani kwake, redio tatu zimefunguliwa matumbo mbele yake, na Mama Kulwa anapepeta mchele. Tulisalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikapewa kigoda. Paulo akauliza bila kuinua macho, "Kozi ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Walikufundisha nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu nilipotoka nyumbani, yote yakanikimbia. Nikasema, "Walitufundisha kwamba prosesa zile mbili zinakaa kwenye soketi moja. Ukitoa hii, ile inaingia."

Paulo aliweka chini pasi ya kulehemu. Nilimweleza habari ya Daktari, mgao, mwalo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Prosesa ya kampuni kubwa imebaki wapi dukani?" Nikamwambia imebaki moja tu, kwenye kompyuta ninayofanyia kazi mimi. Akaitikia kwa kichwa kama vile alishajua.

Jumatatu nilimwomba Bwana Harish prosesa ya kompyuta yangu. Nilisimama pale Paulo aliposimama. Kupitia dari tulisikia Ba akiburuta kiti. "Kompyuta yako utaweka nini?" akauliza.

"Ile ya bei nafuu, bosi. Inaandika barua vizuri sana."

Alikaribia kucheka. Akafunika uso kwa kiganja, akasema, "Chukua. Chukua uniondokee."

Jumanne saa moja asubuhi tulikuwa Mkolani, mimi, Paulo na Daktari, katika sebule iliyogeuzwa ofisi, ramani za ziwa zimebandikwa ukutani kwa plasta ya hospitali. Paulo aliinua kikono kidogo pembeni mwa soketi, akaitoa prosesa kama mtu anayetoa yai chini ya kuku, akaweka ile ya kampuni kubwa, miguu yake karibu mia tatu ikizama yote bila hata mmoja kupinda. Akasoma kijitabu, akahamisha vile vibanio vidogo vya kupangia umeme na mwendo. Akawasha. Skrini ikabaki nyeusi. Daktari akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu. Paulo hakuharakisha. Alizima, akachomoa vibao vya kumbukumbu, akavipuliza, akavirudisha, akawasha tena, na namba zikaanza kupanda. Hesabu ilianza saa mbili kamili. Siku ile yote tulikaa pale kama watu wanaomngoja mzazi ajifungue. Mchana tulikula ugali na sato wa kukaanga, tukiwa watatu kwenye sinia moja, na hakuna aliyezungumzia taarifa yangu. Daktari alisimulia visiwa, Paulo alisimulia mapacha wake, mimi niliitazama feni. Saa tisa na dakika ishirini mashine ilitoa mlio mdogo na ramani ikajichora nukta kwa nukta mpaka magugu yakafika ufukweni. Daktari aliweka kidole kwenye skrini, akataja jina la mwalo, akachukua kofia ya pikipiki akatoka. Tulisikia pikipiki ikigoma mara mbili kisha ikaondoka.

Magugu yalifika siku moja baada ya ile iliyotabiriwa, na upande mmoja pembeni kidogo. Lakini mitumbwi ilikuwa imeshatolewa. Sitaki kuikuza habari hii. Ilikuwa mashine moja kati ya kumi na mbili, na mwaka uliofuata wafadhili waliufunga mradi kwa sababu zao, zisizohusiana nasi. Daktari alihamia mkoa mwingine. Magugu nayo baadaye yalipungua bila kutuuliza.

Jioni ya Jumanne ile nilimsindikiza Paulo hadi barabara kuu. Nilimwambia bosi angempokea tena, nina hakika, angerudi tu. Alitikisa kichwa. Redio zinamtosha, alisema. Tulisimama tukitazama upande ambako gari lake lingetokea, na hapo, bila uchungu wowote, alisema jambo ambalo nimeishi nalo tangu hapo. "Siku ile ungekataa na wewe, Vene, bosi asingekuwa na wa kusaini. Angetuma zote nne. Tungebaki wote wawili."

Sikuwa nimewaza hivyo hata kidogo. Miezi yote ile nilidhani jambo lile lilikuwa kati yangu na kozi tu. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu amesimama mlangoni muda wote ule nikichapa, akingoja kuona kama atakuwa peke yake.

"Ungesaini tena?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia.

Lilikuwa jibu la kweli kwa jioni ile. Nilifanya kazi kwa Bwana Harish miaka mingine tisa, na baada yake kwingine, na nimesaini mengi, mengine nikiwa nimeyasoma, mengine nikiwa nimechoka. Bujora haikuwa mbali. Nilisema nitakwenda Krismasi, nikasema nitakwenda Pasaka, na miaka ikafanya kama inavyofanya. Jioni ile gari lilikuja, Paulo akapanda, akaketi upande wa dirishani akitazama mbele. Nami nikageuka nikarudi mjini, maana kesho yake ilikuwa Jumatano, na duka lilifunguliwa saa mbili.